Sponji Safi ya Baba Houda

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Nikiri mapema, kabla moyo haujanizimikia: ninamficha mke wangu msiba. Samaki wake wa manjano amekufa. Nimemzika nyuma ya jiko. Fatouma yuko Rumonge anamuuguza dada yake. Atarudi Jumapili. Aliniachia samaki watano na agizo moja: wawe hai.

Hakuwanunua kwa anasa. Daktari alipomweleza habari za moyo wangu, kesho yake alileta tangi la kioo. Hakusema kwa nini. Najua. Anatafuta wa kuzungumza naye nitakapoondoka.

Kichujio cha tangi, cha dukani, kimeungua umeme uliporudi kwa kishindo. Shakuru, mdogo wake Fatouma, muuza vitambaa, amesema tukanunue kingine. Nimekataa. Nilifundisha fizikia hadi nywele zikaniisha! Nitaunda mwenyewe, karibu bure.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimefaulu! Chupa ya maji iliyotobolewa kwa msumari wa moto. Ndani changarawe, mkaa, kipande cha sponji ya godoro bovu. Katikati mpira mwembamba kutoka pampu ndogo ya hewa. Mapovu yanapanda, maji yanavutwa kupitia sponji, taka zinabaki. Nimeungua kidole gumba. Nimepumzika kuliko nilivyofanya kazi.

Shakuru amekuja. Ametazama mkaa, mpira, mapovu. Ameuliza: "Shemeji, hii si shisha? Samaki wanavuta!" Amecheka hadi akashika ukuta. Mtu asiyejua hata shinikizo la hewa ni nini!

Alhamisi, 16 Oktoba
Sponji imeota utelezi wa kahawia. Aibu! Nimeiosha bombani, nikaikamua mara tatu, kama viungo vya udhu. Kisha nimeyapima maji kama tulivyofundishwa madrasa: rangi, ladha, harufu. Rangi nzuri. Harufu hakuna. Ladha... nimeonja. Hakuna. Maji haya yanafaa kutawadhia!

Jioni wawili wameelea chali.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sababu iko wazi: sikuosha vya kutosha. Leo nimeosha baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri (nimeswali nyumbani, miguu haikubali tena kwenda msikitini), na baada ya alasiri.

Fatouma amepiga simu. Amewaulizia samaki kwanza, mimi baadaye. Nimesema wanamsalimia. "Weye Baba Houda, samaki wanasalimiaka?" Ameuliza kama naigusa sponji ya kichujio. Nimejibu kwa fahari: kila baada ya swala. Amepaza sauti: "Apana! Usiioshe! Ule utelezi uko na uzima, ndiyo unakula sumu ya mikojo yao!"

Uchafu unasafisha! Nimemwambia apumzike, uuguzi umemchosha. Amesema mgonjwa ni mimi, kichwa pia.

Kabla ya magharibi amekufa mwingine. Amebaki mmoja, yule wa buluu anayekuja kwenye kioo Fatouma akiongea.

Jumamosi, 18 Oktoba
Kifua kimebana. Nimeshindwa kufika bombani. Shakuru amenilisha uji, kila kijiko na neno lake: "Meza, Profesa wa shisha." Uji ameupuliza kwanza, kama wa mtoto. Nimejifanya sijaona. Sponji imeshinda bila kuoshwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Wa buluu amekufa.

Fatouma amefika alasiri. Hata mtandio hakuvua. Ametazama tangi. Nimemwambia ni uzee. "Uzee? Mi nilimununua Ramadhani, alikuwa kama ukucha!" Kisha ameketi kwenye kiti chake mbele ya kioo, kama kila siku. Midomo imeanza kusogea, ikasimama. Hakukuwa na wa kumwambia. Nilikuwa kitandani, hatua chache tu, lakini hakugeuka.

Nimemuahidi samaki wapya. Tena kichujio bora, cha sponji mbili: moja ikifanya kazi, nyingine inaoshwa! Amekwenda kunipikia.

Nitaanza kesho, Mungu akinipa kesho. Sponji zikatwe nyembamba, zisuguliwe vizuri.

Ila hili siwezi kuondoka nalo. Leo asubuhi wa buluu alikuwa mzima. Alitoka pembeni alikojibanza, akala, akazunguka tangi lote. Nilikaa namtazama, na sponji imejaa utelezi. Fatouma alisema kweli, na nilijua. Alipopiga simu kwamba amepanda basi, nilijikongoja hadi bombani nikaiosha kwa sabuni, kwa sababu sikutaka aingie akute nimemtii.