Sifuri ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeiendesha mashine mpya ya mihimili mitano peke yangu, karakana nzima ikinitazama.

Haya, si kweli. Nimewasha taa yake ya ndani. Lakini niliipata kwa kitufe kimoja. Shemeji alibonyeza vitatu, na kimojawapo kilikuwa king'ora.

Hali ni hii. Mimi na shemeji tumekereza vyuma kwa mkono miaka thelathini na minane, mimi mashine ya dirishani, yeye ya mlangoni. Msimamizi ametangaza kwamba mashine zetu zinaondolewa. Tutafundishwa hii mpya wiki nzima, na Ijumaa kila mmoja atakata gurudumu la pampu ya maji, lile lenye mapezi, mbele yake. Anayefaulu anabaki karakana. Anayeshindwa anapelekwa stoo kugawa glavu.

Mimi stoo siendi. Haina dirisha, na mtunza stoo anaimba.

Tena mwalimu ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili. Nilipomwona anaingia na kompyuta yake nikajua nimeshapita. Atamfelisha vipi baba mkwe?

Jumanne, 5 Machi

Nimeielewa yote. Mashine za kawaida husogeza kisu kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Hiyo mitatu. Hii ina meza inayoinama na kuzunguka, kwa hiyo kisu kinafika hata kwenye mikunjo bila kufungua kipande. Mitano. Mkwe akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia, mwanangu, haya nimeyajua kabla hujaota meno. Akaniomba nichore njia ya kisu kwenye kompyuta. Nikakipitisha katikati ya meza. Skrini yote nyekundu.

Kunigombeza hawezi. Ananiita baba, na akija nyumbani huniletea kiti. Kwa hiyo akaigeukia mashine: "Na wewe mashine, watu wanakubonyeza bila kusoma, wewe unakubali tu." Shemeji alicheka mpaka akashikilia jiliwa asianguke.

Nyumbani nilifanya mazoezi. Kiazi kwenye uma, kisu cha jikoni, nainamisha, nazungusha. Mke wangu akauliza kwa nini viazi vyake vimeota mapezi. Nikamwambia hiyo ni mihimili. Akasema basi mihimili hiyo nitaila mwenyewe, yote. Nimeila. Haikuwa mibaya.

Jumatano, 6 Machi

Somo la sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu. Mimi miaka yote naanzia juu ya kipande. Nusu ya pili ya somo sikuisikia, nilikuwa namchora shemeji akiwa na pembe. Zimetoka vizuri sana pembe.

Yeye aliandika kila kitu, kwa rula na kalamu za rangi mbili. Mzee mzima. Huyu ni mume wa dada yangu, na kama si mimi asingekuwa mume wa mtu. Zamani zile nyumbani hakuna aliyemtaka. Mimi ndiye niliyemwambia dada kwamba yale masikio yatakaa sawa akizeeka. Hayajakaa sawa. Na fadhila ile hajanirudishia mpaka leo.

Alhamisi, 7 Machi

Programu ya shemeji imekamilika. Skrini ya kijani mwanzo hadi mwisho. Ya kwangu imetoboa meza mara tisa, kwenye skrini. Mkwe ameisema mashine mpaka sauti imemkauka.

Nikatumia akili. Shemeji huiweka flashi yenye programu mfukoni mwa koti, koti hulitundika msumarini, halafu huenda kunawa, na huyo akinawa hunawa mpaka kiwiko kama daktari. Dakika nne zilinitosha. Nimenakili, nimefuta jina lake juu ya faili, nimeandika langu. Flashi nimeirudisha mfuko wa kushoto. Ilikuwa kwenye wa kulia, lakini mifuko ni yake yote miwili.

Kesho nitavaa shati jeupe.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji alitangulia. Gurudumu lake likatoka linang'aa, mapezi saba, kila mtu analigusa. Nikalisifu kidogo, kwa shingo upande.

Zamu yangu. Nikafunga bonge la alumini, nikaiweka sifuri juu yake kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikabonyeza. Jamani, ilicheza ile mashine. Meza inainama, inazunguka, kisu kinaenda na kurudi, maji ya kupoza yanaruka mpaka kioo cha mlango hakionyeshi kitu. Nikasimama karibu na msimamizi namweleza. Sasa kinaingia pezi la tatu. Sasa kinalainisha. Mkwe alikunja uso, akauliza mbona kimya hivi. Nikamwambia ni uzoefu, mwanangu, chuma kinanijua.

Dakika arobaini. Mlango ukafunguliwa.

Bonge lilelile. Limeoga, basi. Hata namba aliyoandika mtunza stoo kwa kalamu ilikuwa inasomeka.

Msimamizi akauliza gurudumu liko wapi. Nikasema limo ndani, bado kutolewa tu. Shemeji akasogea kwenye skrini, akasoma, akakaa chini sakafuni kucheka. Kumbe yeye sifuri yake aliiweka chini ya bonge, mezani, na mimi nimeiweka juu. Mashine imekata gurudumu lote, mapezi saba bila kosa, hewani, shubiri nzima juu ya alumini.

Alijuaje kuwa ni yake? Mstari wa kwanza wa programu alimwandikia dada yangu salamu. Mimi nilibadilisha jina la nje tu. Nani humsalimu mkewe ndani ya programu?

Mkwe akaisogelea mashine. "Nimekufundisha wiki nzima," akaiambia polepole. "Unaletewa kazi ya wizi, unaifanya?" Halafu akamgeukia msimamizi, akasema kisu kizima, meza nzima, bonge zima, na mwanafunzi ambaye hajaharibu kipande anaweza kurudia. Msimamizi alifikiri sana. Jumatatu, akasema, na yeye mwenyewe atasimama mashineni. Lisipotoka gurudumu, stoo.

Mtunza stoo alikuwa mlangoni. Ameshaanza kuimba.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzuri. Nimekula viazi visivyo na mapezi. Mke wangu ameicheka habari yote mara mbili, na mara ya pili nimecheka naye.

Nimetafuta kosa langu na sijaliona. Kipande nilikifunga vizuri. Mashine imecheza vizuri. Kosa ni la shemeji, kuweka sifuri mahali ambapo mtu mzima haitafuti.

Mkwe alikuja mchana. Akaniletea kiti, akafungua daftari, akasema baba, nusu saa tu, nikueleweshe sifuri. Nikamwambia kapumzike mwanangu, wiki ilikuwa ndefu.

Alipoondoka nikaandika barua, dada ataipeleka:

Shemeji, salamu. Unakumbuka niliyoyasema juu ya masikio yako ili upewe mke. Sijawahi kukudai. Leo naomba kitu kidogo, niazime flashi yako mpaka Jumatatu jioni. Na safari hii, tafadhali, sifuri iweke juu.