Mgonjwa Kidogo

Jumatatu, 14 Juni 1954. Chanika.
Katika Handeni yote hakuna kichwa kama changu. Korogwe nako nimeshakwenda kuhakikisha. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipoishiwa.

Amekuja kijana Ponsiano, yuko chuo kikuu Uganda. Anasomea jinsi binadamu wanavyopashana habari. Yaani watu wanapiga soga, yeye anapata cheti! Anatafuta msaidizi mmoja wa kurudi naye chuoni. Nimemwambia asihangaike, nimepatikana. Akasema Rehani naye ameomba. Rehani! Kisa amemaliza darasa la nane, anatembea kama aliyemeza rula.

Jumanne, 15 Juni.
Ponsiano anataka kujua neno likitoka Korogwe linafika kwetu limeongezwa chumvi kiasi gani. Rehani anazunguka sokoni na daftari, anauliza watu maswali. Kazi ya karani wa sensa. Mimi nitatuma habari yenyewe, kisha nitahesabu kilichoongezeka.

Jumatano, 16 Juni. Korogwe.
Nimempa dereva wa lori la Dhirajlal, mwenye duka, ujumbe wa kumpelekea shangazi Chausiku kule Chanika: babu Kibwana ni mgonjwa kidogo, aje Mnyuzi. Babu ni mzima, muhogo mbichi anautafuna kwa meno yake. Nimechagua habari ndogo makusudi, ili chumvi ionekane. Dereva alivua kofia, akanishika bega. Mtu mwema.

Alhamisi, 17 Juni. Mnyuzi.
Ushindi! Lori limefika saa nne asubuhi na neno halijaongezeka hata moja. Mgonjwa kidogo, vilevile. Kilichoongezeka ni watu. Thelathini na mmoja, na machepe, na mikeka, na jora la bafta aliyoitoa Dhirajlal kwa ajili ya sanda. Shangazi hana sauti, ameimaliza njiani. Babu katoka shambani, kakuta kilio uani kwake. Akaweka jembe chini, akalia nao. Baadaye ndipo akauliza ni nani aliyefariki.

Ponsiano, aliyekuja na lori hilohilo, akamwuliza shangazi alijuaje kuwa ni msiba. Shangazi akamtazama kama mtoto mdogo.

“Mwanangu, mgonjwa kidogo hatumiwi lori.”

Ponsiano akaandika, akapiga mstari chini mara mbili. Akanigeukia: mimi mzaliwa wa hapa, sikulijua hilo? Nikamwambia nalijua sana, ila nilikuwa napima chumvi. Babu ameomba bafta ibaki, ashone kanzu.

Ijumaa, 18 Juni. Korogwe.
Ponsiano kamchukua Rehani. Wamepanda treni ya Moshi. Nilikwenda stesheni kuwapungia tu, si kuomba. Niliomba kidogo.

Shangazi karudi Chanika. Ameacha neno kwamba nisiukanyage uwanja wake.

Jumapili, 20 Juni. Korogwe.
Dawa ya shangazi nimeipata. Jana nilimpa dereva yuleyule ujumbe juu yangu mwenyewe: Salimu ni mgonjwa kidogo, shangazi aje Korogwe. Atakuja analia, atanikuta mzima, atafurahi, yamekwisha. Nani atamgombeza mtu aliyefufuka?

Leo nimeoga, nimevaa shati safi, nimekaa mbele ya duka la Dhirajlal tangu asubuhi. Lori limeingia saa tisa. Dereva anasema ujumbe aliufikisha kwa shangazi mwenyewe, mbele ya majirani, bila kuongeza neno. Kwa hiyo utafiti wangu ni sahihi, mara ya pili sasa. Jambo moja tu limeharibika, nalikiri humu na si kwingine: lori limeshusha magunia ya mahindi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kunizika.