Lama Ninayemkumbatia Kila Asubuhi

Jumatatu, 6 Mei
Balaa. Bi. Halvorsen, mfadhili wa lama wetu Odessa, mnyama wa jamii ya ngamia asiye na nundu, anakuja Ijumaa. Maili mia mbili kwa gari, na ana miaka themanini na mbili! Anataka kuniona nikimkumbatia Odessa. Kosa ni langu. Mimi ni karani wa hifadhi hii ya wanyama. Kazi yangu ni kuwaandikia wafadhili habari za wanyama wao. Mwaka mzima nimeandika kwamba namkumbatia kila asubuhi. Ukweli: sijawahi kuvuka uzio. Naogopa hata kuku. Akigundua, Odessa atakosa mfadhili, nami nitakosa kazi.

Jumanne, 7 Mei
Mpango. Nimeazima koti la Darrell, mlishaji, ili ninuke kama yeye. Nikavuka uzio. Odessa alikuwa na kondoo anaowalinda. Uzuri ulioje! Aliletwa hapa mifupa mitupu. Sasa anatimua koyoti, wale mbwa mwitu wadogo, peke yake. Akalaza masikio. Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi ni Darrell. Akanitemea usoni. Majani yaliyochacha tangu juzi.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemsihi Darrell avae kofia yangu, amkumbatie yeye, Bi. Halvorsen akitazama kwa mbali. Alicheka mpaka akakaa chini.
“Lama si mbwa, kaka. Miaka tisa namlisha huyu, sijamkumbatia. Ukisikia mtu anakumbatia lama kila siku, huyo ni mwongo au marehemu.”
Sikulala vizuri.

Ijumaa, 10 Mei
Nilifunga mkono bandeji. Nikamwambia Bi. Halvorsen nimeteguka. Alitazama bandeji. Akaenda kwenye uzio, mikono nyuma, akasimama. Odessa akaja mwenyewe, pua kwa pua, wakapumuliana. Sijaona heshima kama ile kati ya viumbe wawili.
Kumbe yeye na marehemu mumewe walifuga lama miaka arobaini, wakipandisha mizigo milimani. Alijua uwongo wangu tangu barua ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakuacha kumfadhili.
“Kila barua ilikuwa kurasa tatu za kumsifu, mwanangu, na mstari mmoja wa uwongo. Mstari nikauruka. Haya, fungua hilo dude mkononi, njoo usimame hapa.”
Nikasimama. Odessa akanipumulia. Pumzi ya joto, ya nyasi. Nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi. Bi. Halvorsen ataendelea kumfadhili. Nimemwapia: kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumamosi, 11 Mei
Nimemwandikia Bi. Halvorsen. Kurasa tatu, zote za kweli. Najisikia mtu mpya.
Kisha barua ya Bwana Tillery, mfadhili wa lama dume Bruno. Kurasa tatu za kweli vilevile. Ila ilipwaya. Nimeongeza mstari mmoja tu, kwa kuwa mstari mmoja wa uwongo wafadhili huuruka: kwamba Bruno hunibeba mgongoni mpaka mlangoni mwa ofisi.
Bwana Tillery anaishi Florida, mbali kabisa. Hawezi kuja huku.