Kilo Mia Mbili za Waridi

Jacktone hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, yeye alikuwa akipewa. Asubuhi hiyo, upande wa Kenya wa mji wa Busia, alimwona Apolot wa Mella, ng'ambo ya mpaka, amefunga mbuzi wake wa kuuza kwenye nguzo, anatazama simu na kuguna. Mbuzi alikuwa mnono. Jacktone, bodaboda aliyejidai fundi wa kila kitu, akazima pikipiki.

"Mama, nani huyo anakutumia picha?"

"Etyang, fundi wa simu kule Osukuru. Kila siku maua, maua, neno hakuna. Mimi nitajua namna gani kama yeye nataka kunioa?"

Jacktone akaibonyeza picha, akamwonyesha palipoandikwa KB 200. "Unaona? Kilo mia mbili. Waridi peke yake haliwezi kuwa zito hivyo. Kuna maneno yamefichwa ndani."

"Kilo mia mbili," Apolot akasema taratibu, "na mimi nabeba na mkono moja?"

"Ndiyo maana mnaumwa viwiko."

Msomaji asicheke. Siku hiyo watu watatu walipima simu zao kwenye mizani ya mahindi.

Kwa malipo ya mbuzi, Jacktone aliigeuza simu juu chini, akafumba jicho moja, akasoma: "Nakupenda. Jumapili naja kwenu na ng'ombe sita."

Jumapili Apolot akapika, akaalika kwaya nzima. Etyang hakutokea. Wanakwaya walikula kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko mbuzi. Jumatatu akafunga safari ya Osukuru kumuuliza Etyang kwa nini anaficha ahadi za uongo ndani ya maua. Alichojibiwa, Jacktone hakukijua.

Baada ya wiki mbili Apolot alirudi mpole, na picha ya fahali. Jacktone alikuwa amepakua programu ya kweli ya kutafuta maandishi yaliyofichwa kwenye picha, apate kuwatisha wateja. Akaiwasha kwa madaha. Maandishi yakatoka, naye akaogopa: kwa mara ya kwanza maishani alikuwa fundi kweli.

Yalisomeka: "Fahali wa mahari yuko Bulumbi, kinuni kwa Ajambo. Acha pikipiki iwe rehani, taja kilo mia mbili, utapewa kamba."

"Iko na nini ndani?" Apolot akauliza.

"Tupu, mama. Uzito ni wa pembe."

Kabla ya saa sita alikuwa amevuka mpaka, yuko Bulumbi. Ajambo, mwenye kinu, alipokea ufunguo, akamkabidhi ncha ya kamba iliyozunguka nyuma ya nyumba. Jacktone akaifuata, akavuta. Kilichokuja kilikuja kwa wepesi uliomtia wasiwasi: fahali wa kadibodi, amechorwa vizuri hadi kope.

Aliporudi mbele, Ajambo alikuwa akisaga mahindi yake.

"Pikipiki iko wapi?"

"Imekwenda harusi."

Njiani, fahali kwapani, simu ikalia. Ilikuwa picha ya Apolot na Etyang juu ya pikipiki yake Jacktone, imepambwa waridi. KB 200. Akaipitisha kwenye programu.

"Maua yale yalikuwa na maneno kweli," Apolot alikuwa ameandika. "Etyang aliona haya kusema, akaficha ndani: nikuoe? Bila uongo wako singeenda kumuuliza. Mbuzi kaa naye, ni wa mshenga. Pikipiki ni mchango wako wa harusi. Jumapili uje ule. Fahali kuja naye."