Msafara wa Baiskeli Tatu na Katiba Yake

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimepata wazo. Limenijia kanisani wakati wa matangazo. Maktabani nilisoma kwamba kuna miji ambako watu huenda kazini kwa baiskeli, kikundi kizima, wakisubiriana. Sisi wa Mutituni tunakwenda shule kwa miguu, kila mtu na vumbi lake. Nitaanzisha msafara. Nitakuwa mwenyekiti. Watu watanijua kwa jina, Ndunda, si yule wa kidato cha tatu anayejificha nyuma ya kabati la vitabu.

Baiskeli ipo. Ni ya nyumbani, ya kubebea maji, yenye keria ya mitungi minne. Mama amesema nitaichukua maji yakishafika jikoni, si kabla.

Jumatatu, 19 Mei

Shuleni baiskeli zimepigwa marufuku tangu mvulana mmoja agonge mlingoti wa bendera, wimbo wa taifa ukiendelea. Nikaenda kwa naibu mwalimu mkuu, Madam Loise. Nikampa barua ya kurasa nne. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza kama hizo nyingine zinasema jambo tofauti. Nikasema hapana, Madam.

Amekubali tujaribu siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa. Kikundi chote kiwe ndani ya lango kabla ya kengele ya saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tukifaulu, tunapewa stoo ya zamani ya kuni tuweke baiskeli. Mmoja akichelewa hata siku moja, baiskeli zimekwisha kwa kikundi kizima.

Wamejiunga wawili. Musili, mwimbaji wa kwaya. Na Kanini, anayetoka mbali kuliko sisi na kuchelewa kila wiki. Baba yake amesema akiitwa shuleni tena kwa sababu hiyo, binti anahamia kwa shangazi yake kule Wamunyu na kusomea huko. Kanini hataki kuhama. Ameniomba, tafadhali, nisiharibu. Nimeguswa na imani yake.

Jumanne, 20 Mei

Mkutano wa kwanza, jioni, mbele ya kisiagi cha unga. Niliwasomea katiba. Vifungu ishirini na vitatu. Kanini aliuliza kama katiba ndiyo itakayotupeleka shule ama ni baiskeli. Nilimjibu kwamba kikundi kisicho na katiba ni umati.

Uchaguzi. Nilimpigia Musili kura, kwa hesabu kwamba ataona haya, naye anipigie mimi. Musili hakuona haya. Alijipigia mwenyewe. Kanini alisema yeye anajaza upepo, tusimsumbue. Kwa hiyo Musili ni mwenyekiti kwa kura mbili, moja ikiwa yangu.

Mimi ni katibu. Vizuri. Katibu ndiye anayesoma kumbukumbu za mkutano uliopita, kila asubuhi kabla ya kuondoka. Kifungu cha tisa.

Jumatano, 21 Mei

Tulikutana kwenye kisiagi saa kumi na moja na nusu. Mwenyekiti alifungua kwa maombi. Aliwaombea walimu, wagonjwa, breki, wasafiri wote wa barabara ya Mutituni na wale wanaosafiri kwa ndege. Nami nikasoma kumbukumbu, polepole, ili ajue kuna katibu. Kanini alisema kunakucha. Musili akajibu vai thina, hakuna shida, Mungu hana haraka. Kanini akasema kengele inayo.

Mteremko tulishuka kama mawe. Tuliingia langoni mkono wa kiranja ukiwa tayari kwenye kengele.

Alhamisi, 22 Mei

Mama alitaka mitungi minne, si miwili. Nilipofika kwenye kisiagi hapakuwa na mtu. Wameniacha. Bila katibu! Bila akidi!

Mjomba Erastus alipita na boda boda, akaniuliza mbona nasimama kama kigingi. Alinibeba mimi, na mimi nikaibeba baiskeli begani, gurudumu moja likimpiga kofia kila kona. Tulifika kengele ikiinuliwa. Madam Loise alitutazama, akasema leo hakuona vizuri nani alimbeba nani, pengine ni ukungu. Hapakuwa na ukungu.

Wenzangu walikuwa wamefika dakika ishirini mapema. Kanini alisema ni kwa sababu waliomba kwa ufupi na hakuna aliyesoma chochote. Sikuona uhusiano wowote. Nimewaandikia barua ya onyo.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya mwisho. Nilisema hatuondoki kabla ya kujadili suala la jana. Musili alikubali kwamba tulikwaruzana na kuna haja ya maombi ya upatanisho. Tulifumba macho. Alianzia Mwanzo. Alipofika kwenye gharika nilisikia mnyororo wa baiskeli, nikadhani ni wa mpita njia.

Tulipofumbua macho, Kanini hakuwepo.

Tulifika saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Tulipiga magoti kando ya mlingoti, adhabu ya wachelewaji. Madam Loise akasema mmoja akichelewa ni kikundi kizima, kwa hiyo baiskeli zimekwisha. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilimfikiria Kanini kabla ya kuifikiria katiba.

Kisha Madam akafunua karatasi. Kanini alikuwa amempa langoni, kabla ya kengele. Mstari mmoja tu: kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, mwanachama anaweza kujiuzulu kwa maandishi, naye amejiuzulu. Madam aliusoma wote. Akampa Kanini ufunguo wa stoo. Sisi ni miguu.

Kumbe kuna mtu aliyeisikiliza katiba yangu mpaka mwisho. Mchana nilimwona Kanini kwenye foleni ya githeri. Aliniuliza magoti yanaendeleaje, katibu. Nikasema yanaendelea.

Jumamosi, 24 Mei

Nimechunguza kilichotuangusha. Ni kifungu cha kumi na nne. Nimekifuta.

Leo mimi na Musili tumeanzisha Msafara wa Watembea kwa Miguu. Kwa kuwa miguu ni polepole, tutakutana saa kumi alfajiri, tupate nafasi ya kutosha ya mkutano. Katiba ina vifungu thelathini na kimoja. Safari hii nilijipigia kura mwenyewe. Musili naye vilevile. Kura moja kwa moja.

Tumekubaliana kurudia uchaguzi Jumatatu, kabla ya kuondoka.