Sheria ya Shibe

Napenda kulitangazia taifa, kwa heshima na taadhima, kwamba njaa imefutwa katika shule zetu zote za msingi. Ilifutwa siku ya Jumatano, kabla ya chai ya saa nne, kwa kura za ndiyo. Waliotaka kusema siyo walikuwa wametoka nje kupokea simu.

Natangaza kwa niaba ya wananchi wote kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni Mwananchi wa Kawaida wa Kamati ya Bunge ya Elimu na Ushahidi. Msidhani ni cheo kidogo. Utaratibu unasema hakuna muswada utakaopita mpaka wananchi washirikishwe, na wananchi wako mbali, barabara mbovu, tena wakija wengi wanakuja na maneno. Kamati ikaona ni nafuu kuajiri mmoja wa kudumu. Sifa zilizotakiwa hazikuwa nyingi: awe amemaliza shule ya msingi na asiwe ameendelea, awe mvumilivu, na viatu vyake vionyeshe kwamba ametembea. Mimi nilikuwa langoni nauza mandasi. Karani akanitazama miguu, akasema, "Huyu huyu."

Nina kiti changu karibu na mlango. Muswada ukishasomwa, Mwenyekiti hunigeukia.

"Mwananchi, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Inaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa kikamilifu. Siku moja nilikohoa, ikaandikwa kwamba kulikuwa na mjadala mkali.

Sasa niwaeleze Sheria ya Shibe ilivyozaliwa, maana kuna watu mitaani wanadhani sheria zinaokotwa. Kamati yetu haikisii. Kamati yetu inatumia utafiti. Ilimtuma Dakta Limbikani Msosa, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, akakaa mashuleni mwaka mzima akiwapima watoto: nani anajua kujumlisha, nani anasinzia, nani kala nini. Akarudi na ripoti nene kama tofali. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Wyson Kandulu, aliisoma kwa makini, yaani alisoma muhtasari, yaani mstari wa kwanza wa muhtasari. Mstari wenyewe ulisema: mtoto aliyeshiba hujifunza.

"Dakta, hongera," akasema Mheshimiwa. "Umetufumbua macho. Miaka yote hii tunanunua uji, kumbe kinachotakiwa ni shibe."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na shibe inaletwa na uji."

"Hapo sasa unakimbia. Imeandikwa wapi?"

"Ukurasa wa arobaini."

Wajumbe wakatazamana. Msomi mzima anachukua jambo zito anakwenda kulificha ukurasa wa arobaini.

"Ukurasa wa arobaini ni mbali, bwana mdogo," Mheshimiwa akamwambia kwa upole. "Sisi wenzako tuna majimbo."

Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, kikakataa, akakiacha. "Waheshimiwa, uji una mambo mengi. Unataka kuni, unataka sufuria, unataka unga, na unga unataka lori. Shibe haitaki lori. Shibe ni hali. Kijana akifika umri fulani tunamwita mtu mzima. Nani anamfungua kichwa kuangalia kama amekomaa? Sheria imesema, yamekwisha. Kwa nini mtoto tusimwite ameshiba?"

Wajumbe wakagonga meza. Mimi nilitazama ile meza, ilikuwa na sahani za mandasi, si yangu, ya mkandarasi.

Kifungu cha kwanza kikaandikwa hapo hapo: kila mwanafunzi atahesabika ameshiba kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane mchana, siku za kazi. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu Jumamosi. Akaambiwa Jumamosi ni ya wazazi.

Mimi nikanyoosha mkono. Wajumbe wakageuka kunitazama, kwa sababu kiti changu hakikuwa na utaratibu wa mkono.

"Mwananchi anaumwa?" akauliza Mwenyekiti.

"Hapana, Mheshimiwa. Nauliza tu. Na mtoto atakayesikia njaa?"

"Atakuwa anakosea."

"Na akiendelea kuisikia?"

"Atakuwa anavunja sheria. Lakini hatutaki kuwaonea watoto. Ataanza na onyo."

Niliuliza kitaalamu tu. Nina binti, Takondwa, yuko darasa la pili shule ya Nanthambwe. Mimi hutoka nyumbani kungali na giza, na asubuhi jikoni kwangu hakuna cha kuacha. Uji wa shule ndio kitu cha kwanza kugusa tumbo lake. Kina mama tulikuwa tunaupika kwa zamu, mahindi na soya, na kila mtoto anakuja na kikombe chake. Cha Takondwa ni cha bluu, kimekatika mkono. Asiye na kikombe anasubiri mwenzake amalize ndipo aazime, na hiyo haina mtoto wa mwalimu mkuu wala wa nani.

"Mwananchi, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Ikabaki kazi ndogo, kusema mwanafunzi ni nani. Bi Faineti Chirambo, mwandishi wa sheria wa Kamati, mama mtaratibu anayeandika kila anachoambiwa na hasahau hata kimoja, alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi ni mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi.

"Finyu hiyo," akasema Mheshimiwa Kandulu. "Mwezi wa sita tunakwenda wapi?"

"Ufini, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ziara ya mafunzo. Kuona watoto wa huko wanavyoshiba."

"Na tunakwenda kwa fungu lipi?"

"La wanafunzi. Ndilo lina nafasi, kwa kuwa uji umeondolewa."

"Basi tutatumiaje fungu la wanafunzi na sisi si wanafunzi? Unataka tuonekane wezi? Andika: mwanafunzi ni mtu yeyote anayejifunza kwa gharama ya umma, wajumbe wa Kamati hii wakiwemo."

"Wakiwemo kwa mambo yote, Mheshimiwa?"

"Kwa yote. Sisi hatupendi upendeleo."

Bi Faineti akaandika. Mimi nikasikia. Njaa ikafutwa.

Utekelezaji ulikwenda vizuri sana. Lori lililokuwa halipatikani kupeleka unga lilipatikana kukusanya sufuria. Mwalimu mkuu mmoja wa huko kwetu akajifanya mkaidi, akaendelea kupika kwa sufuria ya mkewe. Kamati ikakutana kwa dharura na kuongeza kifungu: mtumishi wa umma atakayemlisha mwanafunzi katika saa za shibe atakuwa amefuja chakula, kwa kuwa anamlisha mtu aliyeshiba, na atafukuzwa kazi. Mwalimu mkuu alifukuzwa mchana, kukiwa kweupe, ili iwe fundisho.

Jioni moja Takondwa alikuwa anakula nsima, ugali wetu wa huku, kichwa amekiinamisha kwenye sahani.

"Taratibu, mama, haikimbii," nikamwambia.

"Sisi shuleni tumeshiba siku hizi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu. Akipiga kengele ya asubuhi tunashiba. Akipiga ya saa nane basi."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi, ila tunakaa kaa njiani. Steria leo alisema ana njaa kengele haijapigwa, akasimamishwa ukutani. Akaanguka." Akalamba kidole. "Mama, kile kikombe changu nikiache nyumbani?"

"Kiache kwenye mkoba."

"Kinapiga kelele. Wenzangu wananicheka, eti nabeba kikombe cha nini."

"Wacha kipige."

Sasa nifike kwenye semina. Wajumbe wetu, kwa kupenda elimu, hukaa semina ya mafunzo kabla ya kila safari, hapo hapo Bungeni, asubuhi hadi jioni, na chakula ni cha umma. Nilifika mapema nikakaa kwenye kiti changu. Saa nne ikafika. Chai haikufika. Wajumbe wakaanza kutazama mlango wa jikoni kama watu wanaosubiri mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji.

Akatoka Bambo Kachingwe, mkuu wa jiko, amevaa aproni safi isiyo na doa. Hiyo peke yake ilitisha.

"Kachingwe, chai iko wapi?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Mmeshiba."

"Unasema?"

"Mmeshiba tangu saa moja na nusu, bwana. Nimeletewa sheria, kila ofisi imeletewa. Mnajifunza hapa?"

"Tunajifunza, si unaona ubao?"

"Kwa hela yenu?"

Mheshimiwa Kandulu akageuka kuusoma ubao.

"Ndiyo hapo, bwana. Mimi nina watoto sita na mke mkali. Nikikupa hata mandasi moja, nimefuja chakula, kazi sina. Yule mwalimu mkuu ni shemeji yangu, yuko kwangu sasa hivi amelala sebuleni."

"Kachingwe, hiyo sheria nimeitunga mimi."

"Najua. Ndiyo maana nikaiogopa."

Saa sita ikapita. Jikoni kulikuwa na harufu ya samaki wa ziwani na nyanya, na ile harufu ilikuwa haijasoma sheria, ilikuwa inaingia ukumbini inavyotaka. Mjumbe mmoja akasinzia juu ya ratiba ya Ufini. Mwingine akaulizwa kinachofundishwa, akajibu, "Kuku." Tumbo la Mheshimiwa Kandulu likanguruma kwa sauti iliyofika mpaka kwangu mlangoni, na Bi Faineti akainua kalamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hiyo niiandike kama onyo la kwanza?"

Ndipo Bambo Kachingwe akatoka tena, safari hii na sahani: nsima mbili nyeupe, samaki mzima, mboga pembeni. Wajumbe wote wakainuka kidogo kwenye viti. Sahani ikawapita, ikaja mlangoni, ikatua magotini kwangu.

"Karibu, dada."

"Huyo vipi?" Mheshimiwa akauliza, sauti imekonda.

Bi Faineti akafunua sheria, ingawa hakuhitaji. "Mwananchi wa Kawaida hajifunzi, Mheshimiwa. Yeye hushirikishwa. Njaa yake ni halali."

Nikanawa mikono. Nikala. Mimi sina haraka ya kula, nilifundishwa nyumbani kwamba samaki ana miiba. Nikafika upande wa pili wa samaki, ukumbi wote ukinishirikisha kwa macho.

"Dada Esnarti," akasema Mheshimiwa. Sikujua kama analijua jina langu. "Wewe kama mwananchi, unatuonaje?"

"Nawaona mmeshiba, Mheshimiwa."

"Acha utani, dada yangu."

"Si utani. Nilisikia. Imeandikwa kwamba nilisikia."

Mjumbe aliyesema kuku akapendekeza Kamati ijitangaze kwamba haijifunzi na haijawahi kujifunza. Wengi walikuwa tayari kuapa. Bi Faineti akakubali kwamba ushahidi wa jambo hilo upo wa kutosha, ila akakumbusha kwamba asiyejifunza haendi ziara ya mafunzo. Ukumbi ukapiga hesabu ya Ufini na samaki. Hakuna aliyetaka kupoteza hata kimoja.

"Basi tufanyeje?" Mheshimiwa alikuwa ananitazama mimi. "Maoni ya wananchi ni yapi?"

Nikaweka mwiba kwenye ukingo wa sahani.

"Rudisheni sufuria. Shibe iandikwe kwamba inatoka jikoni. Na yule mwalimu mkuu arudi kazini, sebule ya Bambo Kachingwe ni ndogo."

Sheria ilibadilishwa kabla sijanawa. Ni sheria ya kwanza ya Kamati yetu kupita bila muhtasari. Inasema mwanafunzi atashiba baada ya kula, na kwamba mlo wa wanafunzi wote ni mmoja. Mheshimiwa Kandulu akagonga meza, akaita, "Kachingwe, lete hao samaki."

"Ni uji, Mheshimiwa," akasema Bi Faineti. "Mlo wa wanafunzi umeandikwa tangu zamani, hatukuugusa. Mahindi na soya. Kikombe unakuja nacho kutoka nyumbani."

"Kwa wanafunzi wote?"

"Kwa mambo yote. Ulisema hupendi upendeleo."

Hivyo siku hizi, saa nne kamili, ukipita ukumbi wa Kamati utawakuta waheshimiwa kwenye foleni, kila mtu na kikombe chake. Mheshimiwa Kandulu husahau chake nyumbani karibu kila siku. Husimama pembeni kumsubiri mwenzake amalize, na wenzake wamejifunza kunywa polepole. Juzi aliomba aongezwe. Bambo Kachingwe akamwambia akakae, wengine hawajapata.

Nanthambwe sufuria zimerudi. Takondwa hasemi tena kwamba ameshiba. Anarudi anakimbia, na kwenye mkoba kile kikombe kinapiga kelele njia nzima.

Utafiti nao haukulala. Dakta Msosa amerudi kuipima Kamati kama alivyowapima watoto, kabla ya uji na baada ya uji. Anasema matokeo yanatia moyo. Usinziaji umepungua. Wajumbe wawili wameifungua ripoti yake na wamefika ukurasa wa arobaini, mmoja wao bila kusaidiwa. Kuhusu Mheshimiwa Mwenyekiti ameandika kwamba bado yuko ukurasa wa tatu, ana nidhamu kwenye foleni, na akija na kikombe chake anaweza kufanya vizuri zaidi.