Mahakama Imetunyang'anya Ugomvi Wetu

Mheshimiwa Msajili wa Mahakama,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na makarani wako. Mimi ni kinyozi, mtoto wa pili wa marehemu muoka mikate. Nakuandikia kwa adabu zote kulalamika kwamba mfumo wenu wa kufungua mirathi kwa mtandao umeua ugomvi wa familia yetu ukiwa bado mbichi.

Mama alituachia nyumba, tanuri la mikate na kiwanja kidogo uani. Siku ya maziko, Dada yetu mkubwa, ambaye ni mkunga, alichukua funguo "kwa usalama". Mdogo wetu, fundi wa kuchomelea tunayemwita Kisirani, akazitaka "kwa usalama zaidi". Wakarushiana maneno, wakanuniana. Mheshimiwa, kibanda changu cha kunyolea hakijawahi kujaa vile! Kiti cha kushoto kilikaliwa na wafuasi wa Dada, cha kulia na wafuasi wa Kisirani. Hata wenye vipara walikuja kunyolewa.

Tulitarajia kugombana mpaka wajukuu waote mvi. Ndipo Dada akaniagiza nifungue ukurasa wenu kwenye simu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kile kitufe cha alama ya kuuliza. Kando ya maneno "msimamizi wa mirathi" mmekiweka, nami nikakigusa. Kikanieleza kwa Kiswahili chepesi, bila hata kunionea haya, kwamba msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya alivyoacha marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi, kisha kurudi kwenu kujieleza. Nikawatumia wote wawili maelezo hayo. Mpaka asubuhi ile kila mmoja alikuwa radhi afe akiutaka usimamizi. Mchana, Kisirani akaniandikia: "Mwambie Dada yeye ndiye mkubwa, mimi namheshimu." Dada naye: "Mwambie mdogo wangu yeye ndiye mwenye nguvu." Je, huo nao ni ugomvi, watu kusukumiana heshima?

2. Ridhaa. Ukurasa wenu uligoma kusonga mpaka kila mrithi aridhie. Simu ya Kisirani ilikuwa imepasuka kioo, akaja kutumia yangu. Akamkuta Dada kwangu, ananisubiri nipige picha cheti cha kifo. Nina viti viwili tu, vyote vinatazama kioo. Wakakaa sambamba, wamevimba kama maandazi. Sasa, ukimnunia mtu kwenye kioo, unajiona na wewe ulivyo. Dada akajitazama, akamtazama mwenzake, akaangua kicheko mpaka akateleza kwenye kiti. Kisirani akajikaza, akajikaza, akashindwa. Wateja wawili wakaondoka kwa masikitiko.

3. Madeni. Mmeuliza kama kuna mtu anayedaiwa na marehemu. Maswali gani hayo ya kuwauliza wafiwa? Kisirani akasema polepole, "Mimi. Nilimwahidi mlango mpya wa tanuri. Kila akinikumbusha, namwambia kesho." Dada akamshika bega. "Mama alikuwa anacheka tu, akisema mlango wa mwanangu unakuja kwa miguu." Nikawaambia fomu haina kisanduku cha milango. Kumbe najisumbua bure: keshokutwa yake mlango mpya ulipachikwa, tanuri likawashwa, na wafuasi wa pande zote mbili wakahamia huko kula mikate ya moto. Mimi nikabaki na mikasi yangu.

4. Tangazo. Mlitangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tumaini langu la mwisho lilikuwa Mjomba, ndugu yake Mama, mtu anayepinga hata mvua ikinyesha. Nikamwendea kwa unyenyekevu: "Mjomba, weka pingamizi, japo dogo." Akavaa miwani, akalisoma tangazo mwanzo hadi mwisho. "Mpwa wangu, limenyooka." Tulimpeleka zahanati akapimwe homa.

5. Mkamteua Dada kuwa msimamizi, na hakuna aliyezirai. Hata mmoja!

Kwa hiyo naomba kitufe hicho kiondolewe, maneno magumu yarudishwe, na mtandao uwe unakatika mara kwa mara. Ikishindikana, basi wekeni ukurasa wa mwanzo unaowazuia warithi kuendelea mpaka walete mashahidi kwamba wamegombana vya kutosha.

Nisalimie makarani, mlinzi wa lango, na yule mama wa mapokezi aliyenipigia kunijulisha kwamba cheti nimekipiga picha kichwa chini. Dada na Kisirani wanakusalimu pia. Wamekaa pamoja hapa, wanagombea kunimenyea chungwa.

Ni mimi, niliyedhulumiwa kwa amani,
Kinyozi

Nyongeza: Kabla sijaituma, wameingia fundi cherehani na kaka yake, ambao hawasemeshani kwa ajili ya shamba la baba yao. Kila mmoja amekuja na wapambe. Watu wamejaa mpaka barabarani. Bahati iliyoje! Nami, sijui nimepatwa na nini, nikawapa simu na kuwagusia kile kitufe. Sasa wanasoma kimya, vichwa vimegusana, na nyuma yao kuna jirani anauliza kama kesho aje na shangazi zake wote. Tafadhali msizime mfumo. Na mkipata barua ya mtu yeyote anayekilalamikia kitufe hicho, ichaneni. Huyo ni mchonganishi.